Kiini cha yai la mdudu: Mabadiliko yaliyoisaidia Unguja kumtokomeza mbung'o

MBUNG'O wa mwisho wa porini katika kisiwa cha Unguja alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa hicho kikatangazwa kuwa hakina tena mdudu huyo aliyekuwa akieneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo. Kazi hiyo ilihitimishwa bila sumu, kwa kutumia mamilioni ya madume wa mbung'o waliozalishwa mjini Tanga, wakapigwa mionzi, kisha wakaachiliwa kutoka angani ili wapandane na majike wa porini.

Madume hao walikuwa hai na wenye nguvu za kuruka na kutafuta majike. Kilichoharibiwa ni kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni kromosomu zilizo katika viini vya mbegu zao. Uharibifu wa namna hiyo hukaa kimya hadi mbegu inapoingia ndani ya yai. Hapo ndipo kiinitete hufa kabla ya kuwa buu.

Ili kufahamu kwa nini hali huwa hivyo, hapana budi kufuata mabadiliko yanayokipata kiini cha seli tangu yai linapoanza kutengenezwa katika ovari ya mdudu hadi linapogeuka kuwa kiinitete.

Kiini kipi?

Katika mazungumzo ya kawaida, kiini cha yai ni ile sehemu ya njano inayoonekana yai la kuku linapovunjwa. Katika elimu ya viumbe, sehemu hiyo ni akiba ya chakula. Kiini kinachozungumziwa hapa ni kiini cha seli, yaani kifuko kidogo kilichozungushiwa utando, ambamo huhifadhiwa kromosomu. Kromosomu ni nyuzi za DNA zilizofungamana na protini, na katika nyuzi hizo zimepangwa jeni, ambazo ni maagizo ya kujenga na kuendesha mwili.

Yai la mdudu likiwa bado katika ovari ni seli moja, na kwa hiyo lina kiini kimoja cha seli. Kiini hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na akiba ya chakula inayokizunguka, lakini ndicho kinachobeba urithi utokao kwa mama.

Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu kiini hicho imepatikana kwa kumchunguza nzi mdogo aitwaye Drosophila melanogaster, ambaye huonekana akizunguka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Thomas Hunt Morgan alimtumia nzi huyo katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, mwanzoni mwa karne ya 20. Hadi leo mdudu huyo hupendwa na maabara kwa sababu huzaliana upesi na ana jozi nne tu za kromosomu. Yai lake lina urefu wa takriban nusu milimita, na katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi huanguliwa baada ya siku moja hivi.

Seli moja yateuliwa kati ya 16

Ovari ya mdudu imeundwa kwa mirija iliyopangwa sambamba, mithili ya ndizi katika chane. Kwenye ncha ya kila mrija wa nzi huyu mna seli mama, ambazo huendelea kugawanyika katika maisha ya jike. Kila seli mama inapogawanyika, moja ya seli zinazopatikana hubaki kuwa seli mama, na ya pili huanza safari ya kuteremka mrija.

Seli hiyo inayoteremka hugawanyika mara nne mfululizo. Kutoka moja huwa mbili, nne, nane, na hatimaye 16. Jambo la pekee ni kwamba seli hizo haziachani kabisa. Hubaki zimeunganishwa kwa vitundu vyenye kingo imara, ambavyo hupitisha vitu kutoka seli moja kwenda nyingine.

Viini vya seli zote 16 vina urithi uleule, lakini ni seli moja tu itakayokuwa yai. Nyingine 15 huwa walezi, na kazi yao ni kulilisha yai hilo. Uteuzi huo hauendi ovyo. Seli inayokuwa yai huwa ni mojawapo ya zile mbili zilizounganishwa na wenzao kwa vitundu vinne kila moja.

Mbu naye hufuata utaratibu unaofanana na huo, ila kwa mgawanyiko mmoja pungufu. Kifungu chake kina seli nane, yaani yai moja na walezi saba. Mayai ya mbu wa malaria hubaki yamedumaa katika ovari mpaka jike anyonye damu, kisha hukomaa katika muda wa siku mbili au tatu.

Kiini cha yai chanyamaza, walezi wafanya kazi

Baada ya uteuzi, viini vilivyokuwa sawa huanza kutofautiana kwa kiasi kikubwa.

Viini vya walezi hunakili DNA yao mara nyingi bila ya seli kugawanyika. Kila kiini huvimba na kuishia kuwa na mamia ya nakala za kila jeni, mahali ambapo seli ya kawaida ya mwili ina nakala mbili. Kwa wingi huo wa nakala, walezi humudu kutengeneza kwa haraka protini, ribosomu na RNA, ambayo ni nakala za maagizo zitakazotumiwa na kiinitete baadaye. Bidhaa hizo hupitishwa kwenye vile vitundu na kuingia katika yai.

Kiini cha yai lenyewe hufuata njia iliyo kinyume. Kromosomu za baba na mama wa jike huyo hulala jozi kwa jozi, hubadilishana vipande, kisha hukusanyika na kuwa donge dogo katikati ya kiini. Wataalamu huliita donge hilo kariosomu. Jeni nyingi ndani yake huwa zimezimwa. Kiini hicho huwa kama hati ya kiwanja iliyofungiwa kabatini wakati ujenzi ukiendelea nje.

Nje ya yai na walezi wake kuna tabaka la seli nyingine, ambazo hutengeneza ganda. Viini vya seli hizo navyo hubadilika kwa namna yake. Mwaka 1980, Allan Spradling na Anthony Mahowald walionyesha kuwa katika nzi Drosophila, seli hizo huongeza nakala za jeni za ganda pekee, zaidi ya zile za jeni nyingine. Ganda lote hujengwa katika muda wa saa chache, na nakala zilizopo kwa kawaida zisingetosha kwa kasi hiyo.

Yai linapokaribia ukubwa wake kamili, walezi humimina ndani yake karibu kila kitu walichobakiza, kisha hufa. Viini vyao vikubwa huvunjwavunjwa. Kati ya seli 16 zilizoanza pamoja, ni moja tu iliyobaki.

Si wadudu wote wenye walezi

Utaratibu wa walezi haupatikani kwa kila mdudu. Panzi, nzige, nyenje na mende hawana seli za namna hiyo. Kwao, kiini cha yai hulazimika kujitegemea. Huvimba, kromosomu zake hufunguka, na jeni zake hufanya kazi kwa muda mrefu ili kulijaza yai mahitaji yake. Katika nyenje wa majumbani, Acheta domesticus, kiini cha yai hutengeneza nakala za ziada za jeni zinazohusika na ribosomu.

Nakala za ziada hupatikana pia kwa baadhi ya wadudu wenye walezi. Mwaka 1901, Mtaliano Giardina alimchunguza mbawakawa wa majini aitwaye Dytiscus. Aliona kwamba seli zinapogawanyika ili kupata yai na walezi wake, ile itakayokuwa yai hubaki na fungu la pekee la vitu vya kiini ambalo walezi hawapati. Fungu hilo lilikuja kufahamika kuwa ni DNA ya ziada.

Kunguni na jamaa zake wako katika kundi la tatu. Walezi wao hubaki kwenye ncha ya mrija wa ovari, na hulifikishia yai chakula kwa njia ya kamba ndefu zinazorefuka kadiri yai linavyoteremka.

Kiini chahama, mgongo wapatikana

Kiini cha yai la nzi Drosophila kinaponyamaza hakikai mahali pamoja. Wataalamu wamegawa ukuaji wa yai hilo katika hatua 14. Kwenye hatua ya sita na ya saba, kiini huondoka upande wa nyuma wa yai na kuhamia pembeni mwa upande wa mbele. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kuwa kiini hicho husukumwa na mirija midogo ya protini inayorefuka kutoka nyuma yake.

Uhamaji huo una matokeo makubwa. Karibu na kiini hukusanyika RNA ya jeni liitwalo gurken, neno la Kijerumani lenye maana ya matango. Protini inayotokana nayo huziarifu seli za ganda zilizo jirani kuwa upande huo ndio mgongo. Mwaka 1987, Trudi Schüpbach wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alieleza kwamba jeni hilo likiharibika, ganda na kiinitete hupoteza mpangilio wa mgongo na tumbo.

Kwa maneno mengine, mahali kilipokaa kiini katika ovari ya mama ndipo panapoamua upande gani wa mtoto utakuwa mgongo, hata kabla ya mbegu ya dume kulifikia yai.

Kromosomu zapunguzwa nusu

Seli za mwili wa nzi hubeba kromosomu nane, nne kutoka kwa kila mzazi. Yai na mbegu ya kiume zikikutana zote zikiwa na nane, mtoto atakuwa na 16, na mjukuu 32. Ili kuzuia hali hiyo, kiini cha yai hupitia mgawanyiko wa pekee uitwao meiosisi, ambao hupunguza kromosomu hadi nusu.

Meiosisi ya yai haifanyiki kwa mkupuo mmoja. Huanza mapema katika ovari, pale kromosomu zinapolala kwa jozi, kisha husimama kwa siku kadhaa. Yai linapokomaa, utando wa kiini huvunjika na kromosomu hujipanga tayari kutenganishwa, kisha kazi husimama tena. Yai la Drosophila hubaki katika kituo hicho cha pili hadi linapoanza kutoka ovarini.

Linapopita katika njia ya uzazi, yai hubanwa na kunyonya majimaji, na wimbi la kalisi huenea ndani yake. Ishara hizo huiamsha meiosisi iendelee, hata kama hakuna mbegu ya kiume. Kromosomu hugawanywa mara mbili na kupatikana viini vinne vyenye nusu ya kromosomu kila kimoja. Kile kilicho ndani zaidi ndicho huwa kiini cha kike. Vitatu vilivyobaki husogea ukingoni mwa yai na hatimaye hupotea.

Viini viwili vyakutana

Jike wa mdudu huhifadhi mbegu za dume katika mfuko maalumu, na kuzitoa moja moja yai linapopita. Mbegu huingia kwa kitundu kidogo kilicho mbele ya ganda. Mbegu ya Drosophila melanogaster ina urefu wa karibu milimita mbili, takriban mara nne ya urefu wa yai, lakini huingia nzima pamoja na mkia wake.

Kiini cha mbegu kinapoingia huwa kimebanwa mno. DNA yake imefungwa kwa protini za pekee zinazoifanya ichukue nafasi ndogo. Yai huziondoa protini hizo na kuweka mahali pake protini zilizoandaliwa na mama. Ndipo kiini cha kiume huvimba, hunakili DNA yake na kusogea kwenye kiini cha kike. Mbegu huleta pia kiungo kinachopanga nyuzi za kuvutia kromosomu, kwa sababu yai lilikwisha kukipoteza kiungo hicho likiwa ovarini.

Mara nyingi husemwa kuwa viini hivyo viwili huungana. Katika nzi huyu hali ni tofauti kidogo. Hukaa bega kwa bega, na katika mgawanyiko wa kwanza kromosomu za baba na za mama hujipanga katika makundi mawili yaliyo jirani. Baada ya mgawanyiko huo ndipo zinapokaa ndani ya kiini kimoja.

Viini maelfu bila kuta

Hatua inayofuata ndiyo inayolitofautisha zaidi yai la mdudu na la binadamu. Katika binadamu, kiini kinapogawanyika, seli nzima hugawanyika pia. Katika wadudu wengi viini hugawanyika peke yake, vyote vikielea ndani ya seli moja isiyo na kuta.

Kasi yake ni kubwa. Katika yai la Drosophila, migawanyiko mingi ya mwanzo huchukua dakika nane au tisa kila mmoja. Kiini hunakili DNA yote na kugawanyika papo hapo, bila mapumziko ambayo seli za kawaida huyatumia kukua na kukagua makosa. Maagizo yanayotumika ni yale yaliyowekwa na mama, huku jeni za kiinitete chenyewe zikiwa karibu zote zimezimwa.

Baada ya migawanyiko minane au tisa, viini vingi huwa vimesogea hadi pembezoni mwa yai. August Weismann wa Ujerumani alivieleza viini hivyo vinavyojitokeza juu ya uso wa yai la nzi katika maandishi yake ya miaka ya 1860. Viini vichache vinavyofika ncha ya nyuma huzungushiwa utando mapema kuliko vingine, na kutokana na seli hizo ndiko yatakakotoka mayai au mbegu za kizazi kijacho. Baadhi ya viini hubaki katikati, kwenye akiba ya chakula.

Mgawanyiko wa 13 unapokamilika, uso wa yai huwa na takriban viini 6,000. Kasi hupungua, na kuta hushuka kati ya kiini na kiini hadi kila kimoja kikawa na seli yake. Hayo yote hutimia saa tatu hivi baada ya yai kutagwa. Wakati huohuo jeni za kiinitete huwashwa kwa wingi. Mojawapo ya protini zinazohusika na kuziwasha huitwa Zelda, na kazi yake ilielezwa mwaka 2008.

Maagizo yaliyoachwa na mama huviwezesha viini hivyo kutambua mahali vilipo. Mwaka 1988, Wolfgang Driever na Christiane Nüsslein-Volhard walieleza kuwa protini iitwayo bicoid huwa nyingi mbele ya yai na kupungua kuelekea nyuma, na viini huwasha jeni kulingana na kiasi vinachokipata. Nüsslein-Volhard, Eric Wieschaus na Edward Lewis walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995 kwa kugundua jeni zinazoongoza ujenzi wa mwili wa nzi huyo.

Mayai yasiyohitaji dume

Kwa kuwa baadhi ya mayai huamka bila mbegu ya kiume, si ajabu kwamba wapo wadudu wanaozaliana bila dume. Mfano unaojulikana zaidi ni nyuki. Johann Dzierzon, padri na mfugaji wa nyuki wa Silesia, alitoa hoja mwaka 1845 kuwa nyuki dume hutokana na mayai ambayo hayakurutubishwa. Hoja yake ilithibitika. Nyuki dume ana kromosomu 16, ilhali malkia na vibarua wana 32.

Nyuki wa Rasi wa Afrika Kusini, Apis mellifera capensis, amekwenda mbali zaidi. Vibarua wake wanaweza kutaga mayai yasiyorutubishwa yakatoa majike. Katika mayai hayo, viini viwili kati ya vile vinne vya meiosisi huungana na kurudisha idadi kamili ya kromosomu. Vidukari wanaoshambulia mazao nao huzaa majike bila dume, kwa kutopunguza kabisa kromosomu nusu.

Viini vinaposhindwa kwenda pamoja

Mifano ya nyuki na vidukari inaonyesha kuwa yai laweza kuishi kwa urithi wa mama peke yake. Hata hivyo, kiini cha kiume kikishaingia kikiwa na kasoro, yai huwa hatarini.

Kasoro mojawapo husababishwa na bakteria aitwaye Wolbachia, anayeishi ndani ya seli za wadudu wengi. Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach walimwona mwaka 1924 katika mbu wa jamii ya Culex. Dume mwenye bakteria huyo akipandana na jike asiye naye, kromosomu za baba huchelewa kujiandaa. Kiini cha mama huanza kugawanyika wakati zile za baba hazijawa tayari, nazo huvutwa na kukatikakatika, na mayai hayaanguliwi. Jike akiwa na bakteria wa aina hiyohiyo, mayai yake huendelea vizuri.

Mwaka 1967, Hannes Laven wa Ujerumani aliripoti jinsi madume wa Culex wasiolingana na majike wa mahali hapo walivyotumika kuwamaliza mbu wa kijiji cha Okpo, nchini Burma, ambayo sasa ni Myanmar. Uhusiano wa hali hiyo na Wolbachia ulionyeshwa baadaye, mwaka 1971.

Mionzi na mbung'o wa Unguja

Kasoro ya pili ni ile inayotengenezwa kwa makusudi. Mwaka 1927, Hermann Muller wa Marekani alionyesha kuwa eksirei huweza kubadili jeni za Drosophila na kuvunja kromosomu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Mwenzake wa nchi hiyo, Edward Knipling, alikuwa na wazo la kuwashinda wadudu waharibifu kwa kuachilia madume tasa, na mionzi ikampa njia ya kuwapata. Mwaka 1954 mbinu hiyo ilimtokomeza nzi anayetaga kwenye vidonda vya mifugo katika kisiwa cha Curaçao.

Mionzi huvunja kromosomu za mbegu, lakini mbegu huendelea kuishi na kuogelea kwa kuwa haihitaji kuzitumia jeni hizo wakati huo. Inapoingia katika yai, ncha zilizovunjika huungana ovyo. Kromosomu moja hujikuta ikivutwa pande mbili kwa wakati mmoja, hukatika, kisha huungana tena na kukatika tena katika mgawanyiko unaofuata. Kwa sababu viini vya mwanzo hugawanyika mbiombio, makosa hayo huongezeka badala ya kurekebishwa. Wakati wa kuwasha jeni za kiinitete unapofika, viini huwa na urithi pungufu au uliozidi, na kiinitete hufa.

Kwa mbung'o, hasara hiyo ni kubwa kuliko kwa wadudu wanaotaga mayai mengi. Jike wa mbung'o hatagi. Huivisha yai moja kwa wakati, hulihifadhi tumboni, hulilisha buu kwa maziwa ya tezi maalumu, na kuzaa buu mmoja kila baada ya siku tisa au kumi. Kwa kawaida hupandwa mara moja na kutumia mbegu alizohifadhi kwa maisha yake yote. Akiwa amepandwa na dume tasa, mayai yake hufa moja baada ya jingine na kutolewa nje.

Mradi wa Unguja uliendeshwa kwa ushirikiano wa Serikali, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mbung'o aliyelengwa ni Glossina austeni. Kwanza idadi yake ilipunguzwa kwa dawa zilizopakwa ng'ombe na kwa vitambaa vyenye dawa. Kuanzia 1994 hadi 1997, zaidi ya madume tasa milioni nane waliachiliwa kwa ndege, ikiwa ni pamoja na eneo la msitu wa Jozani, ambalo lilikuwa ngome ya mbung'o hao.

Masharti ya mafanikio

Mbinu hiyo haifai kila mahali. Mionzi ikizidi, dume hudhoofika na kushindwa kushindana na wenzake wa porini. Ikipungua, baadhi ya mayai yataendelea kuishi. Aidha, madume tasa lazima wazidi wale wa porini mara nyingi, na eneo liwe limetengwa ili majike waliokwisha kupandwa wasiingie kutoka jirani. Unguja ilizungukwa na bahari. Kwenye bara, ambako misitu na mbuga zimeungana kwa mamia ya kilomita, kazi huwa ngumu zaidi.

Utafiti wa karibuni umeelekezwa hatua ya mapema kuliko hiyo, kabla hata yai halijakomaa. Mwaka 2018, watafiti wa Imperial College London waliripoti kuwa walibadili jeni liitwalo doublesex katika mbu wa malaria, Anopheles gambiae. Badiliko hilo hujinakili lenyewe katika viini vya seli zinazozaa mayai na mbegu, hivyo hurithiwa na karibu watoto wote badala ya nusu. Majike waliolirithi kutoka kwa wazazi wote wawili hawakuweza kuzaa wala kunyonya damu. Katika vizimba vya maabara, mbu waliisha ndani ya vizazi visivyozidi 11.

Mbinu zote hizo zinategemea nafasi ileile. Mdudu mzima ana ngozi ngumu na huweza kujenga usugu dhidi ya sumu. Yai lake hupitia kipindi kifupi ambapo viini viwili lazima vikutane, vilingane na kugawanyika kwa zamu bila kukosea, na kosa la mwanzo hurithiwa na viini vyote vinavyofuata.